Maziwa Yalikuwa Mengi Tu

Fausta alijifungua katikati ya mwezi wa nne, na Lukelo mumewe hakuwepo. Pale Katindiuka hakuna aliyeshangaa. Mpunga ng'ambo ya mto, upande wa Lupiro, ulikuwa umeanza kutoa masuke, na mpunga ukifika hapo mwenye shamba halali kwake. Anahamia kwenye dungu, kile kichanja cha miti chenye paa la nyasi, anashinda juu yake na kombeo na debe bovu akipigana na ndege aina ya kweleakwelea toka asubuhi mpaka jua lizame. Ukiondoka siku mbili tu, unavuna makapi. Basi Lukelo alipata habari ya mtoto wa kiume kwa simu, akapiga kelele za furaha mpaka ndege wakaruka wenyewe, na jina akalichagua hukohuko juu: Raimundi, la marehemu baba yake.

Aliyekuja kumtunza mzazi ni mama mkwe, Febronia, kutoka Michenga, na begi moja na kuku watatu waliofungwa miguu. Mama huyu tusimwonee. Wapo mama wakwe wa kukaa kibarazani na kuagiza chai, yeye hakuwa wa namna hiyo. Mtoto wake wa kwanza alimfia akiwa na wiki sita, mwaka ambao mafuriko yalibeba mpunga wote, na yeye mwenyewe kifuani pamekauka kwa njaa. Alimzika akiwa amemvika gauni lake la ubatizo. Tangu hapo alijiapiza kwamba hakuna mjukuu wake atakayelilia ziwa.

Ndiyo maana Fausta alikuwa analishwa kama anashindanishwa. Alfajiri uji wa mchele wenye pilipili manga, saa nne supu ya kuku, mchana perege wa mchuzi, alasiri uji tena, na kabla ya kulala bakuli la mwisho la kufungia siku. Akisema ameshiba, Febronia anamwambia huo uji si wake, ni wa mtoto, yeye ni njia tu. Fausta alikuwa na miaka ishirini na mbili na huyu ndiye mtoto wake wa kwanza. Alikunywa.

Siku ya tatu maziwa yaliingia, na yaliingia kwa fujo. Matiti yalijaa mpaka ngozi ikang'aa, yakawa magumu kiasi kwamba mtoto hakupata pa kushika. Raimundi alikamata ncha tu, akaibana kwa fizi, akaanza kuvuta. Fausta alihisi maumivu yale mpaka kwenye vidole vya miguu. Siku ya tano chuchu zilikuwa zimepasuka, ya kushoto ina ufa kama kisigino cha mkulima, na kila mtoto alipolia kutaka kunyonya mwili wa mama yake ulianza kutetemeka kabla hajamgusa. Uchungu wa kuzaa una mwisho wake, lakini huu ulirudi kila baada ya saa mbili. Alikuwa anang'ata pindo la khanga, anajikaza kisabuni, na machozi yanamtoka vilevile.

Wageni walioingia kumpongeza walimkuta hivyo, uso umelowa, na hakuna aliyeuliza kulikoni. Wanawake waliozaa walijua. Walisema, "Pole, analia chuchu zake huyo, atazoea," wakaweka sabuni na sukari mezani, wakambeba mtoto.

Lakini mtoto naye hakuwa sawa. Akishika tu ziwa, maziwa yanamrukia kooni kama bomba lililopasuka. Anameza haraka haraka, anakohoa, uso unamwiva, anarusha kichwa nyuma, na maziwa yanaendelea kuruka mpaka kwenye neti. Halafu anarudi, safari hii anabana kwa nguvu zaidi, kama anayekunja mpira ili maji yapungue. Baadaye tumbo linajaa hewa, analia mpaka anapoteza sauti. Choo chake kilikuwa cha kijani, chenye povu.

Febronia alikichunguza kile choo kwenye kitambaa, mchana kweupe, akatoa hukumu yake.

"Maziwa yako mepesi, mwanangu. Hayamshibishi. Inabidi tuyatoe hayo ya juu yaishe, ndipo mazito yashuke."

Basi ikawa kazi. Asubuhi na jioni Fausta alikaa kwenye kigoda na bakuli mapajani, anakamua mpaka matiti yalegee kabisa, na Febronia anakwenda kumwaga kwenye shina la mgomba nyuma ya nyumba. Na uji ukaongezwa bakuli moja. Kesho yake yalijaa mara mbili. Walivyokamua ndivyo yalivyokuja, na yalivyokuja ndivyo mtoto alivyopaliwa, na alivyopaliwa ndivyo alivyozidi kubana. Ule mgomba tu ndio uliokuwa unanawiri bila shida.

Katika wiki ya nne, siku ya Jumamosi, Lukelo alikuja. Alimwachia jirani wa shamba ndege wake, akapanda pikipiki na furushi la samaki wakavu na shuka la mtoto la njano, jipya, ambalo alisema limetoka kwa Leticia, yule mama wa dungu la pili. Fausta alimjua Leticia kwa jina tu. Alifurahi. Alimwambia mumewe amfikishie shukrani, na mtoto akafunikwa lile shuka siku hiyohiyo.

Lukelo alinawa mikono, akampokea mwanawe kwa mara ya kwanza. Alimshika kama anayeshika yai, akacheka, akasema ana pua ya marehemu. Mtoto alikuwa ametoka kunyonya. Alijipinda mara mbili, akatapika maziwa kwa mdomo na kwa pua, shati la baba likalowa, kisha akaanza kilio ambacho hakikukatika mpaka jioni. Jumapili hawakwenda kanisani. Choo cha kijani kilitoka mara nne. Febronia alikitazama kitambaa, akamtazama mwanawe, akamtazama mkwewe, akaenda kukaa jikoni peke yake.

Alikuwa amepata neno, na neno lenyewe ni kubemenda. Kwa asiyelijua, nitalieleza kama linavyoelezwa kwetu: mzazi mwenye mtoto mchanga akitoka nje ya ndoa, kisha akarudi akamshika mtoto, anambemenda. Mtoto anaharisha, anatapika, shingo inalegea, anakwisha taratibu huku watu wanamwangalia. Dawa ipo, lakini haifanyi kazi mpaka mwenye kosa aseme kwa mdomo wake. Akificha, anazika. Neno hili lina ubaya wake, kwamba halihitaji shahidi. Mtoto akilia sana tu, kesi imeshafunguliwa.

Febronia alianza na Fausta, maana ndivyo dunia ilivyo. Alimfuata akiwa anaanua nepi.

"Mwanangu, nimekaa hapa kama mama yako. Niambie. Kuna mtu?"

Fausta hakuelewa kwanza. Alipoelewa, aliiacha nepi kwenye kamba, akamgeukia.

"Mama, mimi hata kukaa vizuri siwezi. Nimeshonwa. Wewe mwenyewe ndiye unayenikanda."

Febronia aliona aibu, akainama kuokota kibanio kilichodondoka. Lakini hofu haikumtoka. Alikuwa amemwona mtoto mwingine akilegea hivyo, miaka mingi iliyopita, naye akasubiri, akasubiri, mpaka wakati wa kusubiri ukaisha. Hakuwa tayari kusubiri tena.

Jumanne aliletwa bibi Scolastica wa Michenga, mwenye dawa za watoto. Alikuwa mama mpole, mwenye rozari shingoni na mfuko wa majani mkononi. Fausta na Lukelo walimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akawakalisha kwenye mkeka mmoja, mtoto katikati ndani ya shuka lake la njano, Febronia mlangoni.

"Mimi sikuja kugombanisha watu," bibi alisema. "Ila dawa hii inafuata ukweli. Ikikuta ukweli inaponya. Ikikuta mtu kaficha, siwezi kuwadanganya, mtoto huyu hamfikishi Jumapili. Mama mtu, una neno?"

"Sina, bibi."

"Baba mtu?"

Lukelo alikuwa anamtazama mwanawe. Raimundi alilala mdomo wazi, kachoka kwa kilio, kifua kinapanda na kushuka upesi upesi. Fausta alimtazama mumewe bila wasiwasi wowote, nataka hili lieleweke. Alikuwa anasubiri aseme hana neno, ili bibi achemshe majani yake, wamalize. Badala yake Lukelo aliugusa mguu wa mtoto kwa kidole kimoja.

"Nimekosa," Lukelo alisema. "Ni Leticia. Wa dungu la pili. Tangu mwezi wa pili."

Mwezi wa pili Fausta alikuwa na mimba ya miezi saba. Alikuwa anamfungia unga na dagaa kila Jumatatu, na anamwongezea chumvi ya akiba kwa sababu alisema huko inaisha haraka. Sasa alijua inaishia kwenye chungu kipi. Hakulia wala hakupiga kelele. Alinyoosha mikono, akamfunua mtoto lile shuka la njano, akalikunja vizuri mara nne, akaliweka pembeni ya mkeka.

Febronia ndiye aliyelia, kwa fedheha na kwa faraja pamoja. "Umemwokoa mwanao," alimwambia Lukelo, na bibi akaitikia kwamba hakika amemwokoa. Majani yakachemshwa, mtoto akaogeshwa, akapakwa utosini na miguuni. Lukelo aliondoka mchana uleule kurudi kwa ndege wake, au kwa Leticia, Fausta hakujua tena aseme vipi.

Jumatano asubuhi Fausta aliamka anatetemeka kwa homa. Ziwa la kulia lilikuwa jekundu, la moto, na lina jiwe ubavuni. Siku hiyo hata Febronia aliona kwamba arobaini haiwezi kusubiriwa ndani. Waliita bajaji mpaka zahanati. Kulikuwa na foleni dirisha la dawa, Febronia akabaki kuishika, na Fausta akaingia na mtoto kwa nesi Rosemery, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

Rosemery alimpa pole, akambonyeza ziwa taratibu, akaandika dawa. Kisha, kwa mazoea tu, akamchukua mtoto akamning'iniza kwenye mzani. Akatazama kadi. Akatazama mzani tena.

"Huyu alizaliwa na kilo tatu na robo?"

"Ndiyo."

"Ana wiki nne, ana kilo nne na nusu. Mbona mnasema anaumwa?"

Fausta alimweleza yote, kupaliwa, kutapika, choo cha kijani, hadi mabakuli ya uji, ila lile neno hakulitaja. Nesi akamwambia amnyonyeshe amwone. Aliangalia, akaona maziwa yanavyoruka na mtoto anavyobana, akatikisa kichwa.

"Mtoto hana ugonjwa, mama. Maziwa yako ni mengi kuliko uwezo wake. Anakunywa kama mtu aliyewekewa bomba mdomoni, anabana ili lipungue, na wewe ndiyo unapasuka. Hicho choo ni cha wingi wa maziwa. Mnakamua?"

"Asubuhi na jioni, mpaka yaishe."

"Basi mwili wako unadhani umezaa mapacha, na ninyi kila siku mnauambia ni kweli. Acheni. Yakikubana sana, punguza kidogo tu upate nafuu. Na huo uji mnywe wote nyumbani, si wewe peke yako."

Akavingirisha khanga akaiweka mgongoni kwa Fausta, akamwegemeza nusu chali kwenye benchi. Alimlaza mtoto juu yake, tumbo kwa tumbo, ili maziwa yapande mlima kidogo. Akamwonyesha kusubiri mdomo ufunguke kabisa, kama mtu anayepiga miayo, kisha kumsogeza kidevu kitangulie, ashike na weusi wa ziwa, siyo ncha peke yake. Akibana vibaya, pitisha kidole pembeni ya mdomo, mtoe, anza upya. Mruko wa kwanza uache uishie kwenye kitambaa. Na ziwa moja kila zamu, usimhamishehamishe.

Mara ya kwanza ilishindikana. Ya pili vilevile. Ya tatu Raimundi alifungua mdomo wote, akashika, akaanza kuvuta polepole, kwa nafasi, akimeza na kupumua. Fausta alikuwa amekwisha kukaza meno kungojea maumivu. Hayakuja. Alisubiri, na bado hayakuja. Mtoto alifumba macho, mkono wake mmoja ukafunguka juu ya kifua.

Ndipo Fausta akaelewa kila kitu, tangu mwanzo mpaka mwisho. Hakukuwa na ugonjwa. Hakuna aliyembemenda mtu. Lukelo alikuwa amekaa juu ya ule mkeka akakiri kwa ajili ya maziwa mengi. Akalia, na safari hii alilia kwa sauti, mpaka nesi akamshika bega.

"Ndiyo kawaida, mama. Wengi hulia wakipata nafuu."

Ndani ya siku kumi homa ilikwisha, nyufa zikafunga, na Raimundi akawa mtoto wa kulala na kuamka kama watoto wa watu. Choo kikarudi rangi yake. Febronia alikubali kuacha uji, kwa shingo upande, akisema manesi wa siku hizi wana mambo. Ila kuhusu kilichomponya mtoto hakuwa na shaka hata chembe. Dawa ya bibi ilikuwa ya Jumanne, na nafuu ikaanza Jumatano. Hesabu gani tena?

Siku ya arobaini akina mama wa jumuiya walikuja kusali, na baada ya sala Febronia akatoa ushuhuda. Hakutaja jina la mwanamke, lakini yote mengine aliyataja. Wakamwimbia mtoto. Jirani yao Fulgensi, aliyekuja kusaidia kupanga viti, alisema wanaume wengi wangeficha wakazika, lakini Lukelo kajivua nguo mbele ya mama yake na mkewe ili mwanawe aishi, na mwanaume ni huyo. Wanawake wakaitikia. Mmoja, mwenye nia njema kabisa, alimsogelea Fausta alipokuwa anagawa soda.

"Msamehe, mdogo wangu. Mwingine hasemi ng'o. Wako kasema, na mtoto huyu hapa."

Fausta alijibu amemsamehe. Angesema nini? Angesimama katikati ya jumuiya aseme kwamba shujaa wao alikuwa kalipa bei ya kitu ambacho hakikuuzwa? Alikuwa amelibeba neno la nesi peke yake, na kwa kweli kulikuwa na kitu kimoja ndani ya hili balaa alichokuwa anakishikilia. Alikuwa anajiambia: kanikosea, kanidhalilisha, kampa chumvi yangu mwanamke mwingine, lakini siku alipoamini mtoto anakufa, alichagua mtoto. Hilo lilikuwa dogo, lakini lilikuwa lake, na alikuwa anafikiri huenda, pole pole, wakaweza kujenga juu yake.

Lukelo alirudi wiki ya kuvuna ilipokaribia, kuchukua magunia na mundu. Jioni, jua likiwa bado lipo, alikaa kizingitini ananoa mundu kwenye jiwe, na Fausta kitandani mlango ukiwa wazi, kaegemea khanga iliyovingirishwa, mtoto juu yake ananyonya. Alinoa muda mrefu kuliko mundu ulivyohitaji.

"Mama Raimundi."

"Abee."

"Siku ile zahanati. Nesi alisemaje hasa?"

Fausta angeweza kumwambia nesi alimpa dawa ya ziwa, basi, na hapo asingedanganya. Wote wangebaki na hadithi yao, mama na ushuhuda wake, Fulgensi na mwanaume wake, Lukelo na kichwa juu. Lakini alikuwa amechoka kuwa mtu pekee anayejua. Na ndani kabisa, nadhani, alitaka kumwona mumewe akiambiwa ukweli na bado asijutie kilichomtoka mdomoni.

"Alisema mtoto haumwi. Alikuwa ameongezeka zaidi ya kilo. Maziwa yalikuwa mengi tu."

Jiwe lilinyamaza. Lukelo alitazama ule mundu, akaupitishia kidole gumba ukingoni.

"Toka mwanzo hakuumwa?"

"Toka mwanzo."

"Kwa hiyo," Lukelo alisema polepole, kama anayepiga hesabu yake mwenyewe, "ningenyamaza, yasingekuwa yote haya."

Hakusema kwa ubaya. Hakujua hata kwamba amesema kitu. Aliendelea kunoa, akaufunga mundu kwenye gunia, akasema kesho anaondoka mapema, mpunga wa bondeni umeiva.

Fausta alimtazama mtoto. Mtoto alikuwa ameshika vizuri, kidevu mbele, mdomo wazi, anameza kwa nafasi zake. Hakukuwa na maumivu yoyote, hata kidogo, kifua chote kilikuwa kimepona kabisa. Machozi yalianza kumtoka, akaona yanamdondokea Raimundi kwenye nywele, na hakuweza kuyazuia.

Febronia alipita na ndoo ya maji. Alisimama mlangoni, akamwona, moyo ukamlainika kama ulivyokuwa unalainika siku zote.

"Bado panauma, mwanangu?"

Fausta aliinua uso. "Panauma kidogo, mama."

"Pole. Ngoja." Akaweka ndoo chini, akaenda kulowesha kitambaa kwenye maji baridi ya mtungi, akakikamua, akamletea. Fausta alikipokea kwa mkono mmoja, akashukuru, akakiweka kifuani, pale pasipouma.